Faida za Kampuni: Kipimo cha Uchumi na Namna ya Kukisoma



Kila baada ya miezi mitatu hutoka habari ya aina moja katika kurasa za biashara: faida za kampuni za Marekani zimepanda kwa kiasi fulani, au zimeshuka. Habari yenyewe huwa na mistari minne au mitano, na wengi huiruka wakaenda kwenye michezo. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si uchumi, na nimeingia katika takwimu hizi kwa mlango wa fiqhi. Tulipokuwa tunasoma mudharaba, mwalimu alituuliza mfanyabiashara anajuaje kwamba amepata faida, na swali hilo likatuchukua wiki mbili. Nikataka kujua nchi nzima hujuaje.

Sababu ya pili ni ya nyumbani. Kaka yangu yuko Columbus, Ohio, anapakia mizigo katika ghala, na ada yangu inatoka kwenye saa zake za ziada. Kampuni ikianza kubana matumizi, mara nyingi haianzi kwa kufukuza watu. Hufuta saa za ziada kwanza, kisha huacha kuajiri, na kupunguza wafanyakazi huja mwisho. Kwa hiyo anayetaka kujua mapema kama ada ya muhula ujao ina mashaka, aangalie kile anachokiangalia mwajiri, nacho ni faida. Najua hapa chuoni si mimi peke yangu ninayesomeshwa na jasho la mtu aliye ughaibuni.

Nimechagua takwimu za Marekani kwa kuwa ni za muda mrefu, ziko wazi kwa kila mtu, na kasoro zake zimechunguzwa sana. Mwisho nitasema kidogo kuhusu kwetu.

Nani anahesabu, na anahesabu nini

Mwaka 1934 mwanauchumi Simon Kuznets alipeleka kwenye Seneti ya Marekani ripoti ya pato la taifa la miaka ya 1929 hadi 1932. Nchi ilikuwa katikati ya mdororo mkubwa na serikali haikuwa na hesabu kamili ya nini kilichopotea. Kutoka kazi hiyo ndiyo zimekua hesabu za taifa tunazozijua leo. Ukitazama jedwali lake la faida utaona kwamba mwaka 1932 kampuni zote za Marekani zikijumlishwa pamoja zilikuwa chini ya sifuri. Si kampuni moja moja iliyofilisika, ni jumla nzima ya nchi kuwa hasara. Mimi hapo nilisimama kidogo.

Leo kazi hii inafanywa na ofisi ya uchambuzi wa uchumi iliyo chini ya Idara ya Biashara ya Marekani, ambayo wote huiita BEA. Kila robo mwaka hutoa makadirio ya pato la ndani. Makadirio ya kwanza kwa kawaida hutoka takriban mwezi mmoja baada ya robo kwisha, na faida hazimo. Faida huja na makadirio ya pili, mwezi mmoja baadaye, na kwa robo ya mwisho wa mwaka huchelewa zaidi, kwa sababu kampuni zenyewe huchelewa kufunga vitabu. Kwa hiyo ukisoma habari ya faida, jua unasoma mambo ya miezi miwili au mitatu iliyopita.

Namba hizi hazikusanywi kwa kwenda kwenye soko la hisa na kujumlisha. Msingi wake ni marejesho ya kodi, yaani kile ambacho kampuni imeiandikia mamlaka ya mapato, na hapo zimo kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa na zisizoorodheshwa, kubwa na ndogo. Tabu ni kwamba marejesho ya kodi yakishachambuliwa huwa yamepita kama miaka miwili. Katika kungoja, BEA hukadiria kwa kutumia utafiti wa fedha za kampuni unaofanywa kila robo na ofisi ya sensa, pamoja na ripoti za kampuni kwa wanahisa. Kisha kila mwaka hurudi kusahihisha. Shikeni hilo la kusahihisha, tutalihitaji.

Faida ni kile kinachobaki baada ya nini?

Hapa ndipo mwanafunzi wa fiqhi anajikuta yuko nyumbani. Mafaqihi wana kanuni katika mudharaba: faida ni kinga ya rasilimali. Maana yake ni kwamba mwendesha biashara hatii mfukoni fungu lake la faida, likawa lake kabisa, mpaka rasilimali ya mwenye mali iwe imesimama kamili. Kama biashara ya kwanza ilileta ziada na ya pili ikaleta upungufu, ziada huziba upungufu kwanza. Kinachoitwa faida ni kile kilichozidi juu ya rasilimali iliyotimia.

Sasa rasilimali imetimia kwa shilingi, au imetimia kwa kitu chenyewe? Tuseme mama mmoja hapa sokoni Mbale amenunua gunia la mchele kwa 150,000. Baada ya miezi miwili analiuza kwa 180,000. Daftari linasema amepata 30,000. Lakini akirudi kwa mwenye jumla, gunia lilelile sasa ni 175,000. Ili aendelee kuwa muuza mchele kama alivyokuwa, katika ile 30,000 anaweza kula 5,000 tu. Zile 25,000 nyingine zimetokana na bei kupanda gunia likiwa limekaa ghalani, si biashara iliyozileta.

BEA wanafanya hesabu hiyohiyo kwa nchi nzima. Wanachukua faida iliyoandikwa vitabuni na kuondoa ile sehemu iliyotokana na bei ya bidhaa kupanda zikiwa ghalani. Hili ni rekebisho la kwanza, la thamani ya bidhaa. Wakati wa mfumuko wa bei rekebisho hili huwa kubwa, na anayesoma faida bila rekebisho hudhani kampuni zinanawiri kumbe ni bei tu inayopanda.

Rekebisho la pili ni la uchakavu. Fikiria mwenye pikipiki ya boda. Ameinunua milioni 5, itamtumikia miaka mitano. Sheria ya kodi inaweza kumruhusu aandike gharama yote ya milioni 5 katika mwaka wa kwanza, hivyo mbele ya mtoza kodi mwaka huo hana faida, na miaka minne inayofuata ataonekana tajiri. Pikipiki yenyewe haijui habari hizo, yenyewe inachakaa kidogo kidogo kila siku. Tena atakapotaka kununua mpya pengine itakuwa milioni 7. BEA huondoa uchakavu wa karatasi za kodi na kuweka uchakavu wa kweli, kwa bei ya leo ya kununua chombo kingine. Hili si jambo dogo huko Marekani: sheria ya kodi iliyopitishwa mwishoni mwa 2017 iliruhusu kampuni kukata gharama yote ya mashine nyingi katika mwaka wa kwanza. Asiyetumia faida iliyorekebishwa angedhani kampuni zimeanguka.

Kwa hiyo, ukifungua jedwali utakuta mistari kadhaa yenye neno faida. Unaoutaka ni ule uliorekebishwa kwa mambo yote mawili, bidhaa na uchakavu. Wanauchumi huuita faida ya uzalishaji wa sasa. Mimi nauona uko karibu zaidi na kanuni ya mafaqihi kuliko faida inayotangazwa kwa wanahisa, kwa sababu nao unakataa kuita kitu faida kabla rasilimali haijasimama.

Mambo mengine nayo yameachwa nje makusudi. Kampuni ikiuza jengo lake kwa bei ya juu kuliko iliyonunulia, ziada hiyo haihesabiwi, maana jengo halikuzalishwa leo. Gawio ambalo kampuni moja imepokea kutoka kampuni nyingine ya humohumo nchini haliongezwi, lisije likahesabiwa mara mbili. Na hasara ya mikopo isiyolipika haipunguzwi. Hiyo ya mwisho ina athari kubwa. Katika robo ya mwisho ya 2008 kampuni zilizo kwenye faharasa ya S&P 500, zikijumlishwa, ziliripoti hasara, kwa kuwa mabenki yalikuwa yanafuta mikopo na dhamana zilizooza. Faida za hesabu za taifa zilianguka vibaya nazo, lakini hazikufika sifuri. Hakuna aliyedanganya. Moja inauliza mwenye hisa amebaki na nini, nyingine inauliza uzalishaji wa robo hii umeacha nini.

Kwa nini faida hutangulia

Mwaka 1913 Wesley Mitchell aliandika kitabu juu ya mizunguko ya biashara, na faida ndiyo iliyokuwa kiini cha maelezo yake. Hoja yake kwa ufupi ni hii. Uchumi ukikaa vizuri kwa muda mrefu, gharama huanza kupanda: wafanyakazi wanakuwa adimu, malighafi ghali, riba ya mikopo juu. Bei za kuuzia haziwezi kupanda kwa mwendo uleule. Faida hubanwa hata kama mauzo bado yanaongezeka. Mwajiri ndiye wa kwanza kuliona hilo, kwenye vitabu vyake, na huanza kuahirisha: ghala jipya halijengwi, mashine hainunuliwi, nafasi iliyoachwa haijazwi. Miezi kadhaa baadaye sisi wengine tunaliona kwenye takwimu za ajira.

Je, imetokea hivyo? Ninazo nyakati tatu, na hazikubaliani, ndiyo maana nazileta zote.

Ya kwanza ni ya mwisho wa miaka ya 1990. Soko la hisa lilikuwa linapaa, kampuni zikitangaza faida inayopanda hadi mwaka 2000. Takwimu za taifa, kama zinavyosomeka leo, zinasema kilele cha faida kilikuwa 1997, miaka mitatu nyuma. Tofauti hiyo ilitoka wapi? Sehemu yake ilitoka kwenye hisa ambazo kampuni ziliwapa wafanyakazi wake haki ya kuzinunua kwa bei ya zamani. Mfanyakazi alipoitumia haki hiyo, ile ziada aliyoipata ilihesabiwa kuwa mshahara katika karatasi za kodi, hivyo ikapunguza faida ya taifa. Kwa wanahisa, wakati ule, kampuni hazikulazimika kuihesabu kuwa gharama. Mdororo ukaanza Machi 2001.

Mtu atasema basi kipimo kimeshinda. Polepole. Waliokuwa wakiisoma namba hii mwaka 1998 na 1999 hawakuiona tunavyoiona sisi. Makadirio ya mwanzo yaliifanya faida ionekane nzuri zaidi, na masahihisho ya miaka iliyofuata ndiyo yaliyoishusha, marejesho ya kodi yalipofika. Onyo lilikuwepo katika uchumi wenyewe, lakini halikuwepo bado kwenye karatasi. Kwangu hili ndilo jambo zito kuliko yote katika somo hili. Ni rahisi kuchora mstari wa miaka themanini, kuonyesha jinsi faida ilivyoshuka kabla ya midororo, na kusahau kwamba mstari huo umechorwa kwa namba ambazo watu wa wakati ule hawakuwa nazo.

Ya pili ni 2006. Faida zilifika kilele katika nusu ya pili ya mwaka huo, nyumba zikiwa zimeanza kukosa wanunuzi. Mdororo ulianza Desemba 2007, na kamati ya wanauchumi inayoweka tarehe hizo ilitangaza hivyo tarehe 1 Desemba 2008, mwaka mzima baadaye. Aliyekuwa anafuatilia faida alipata zaidi ya mwaka wa kujiandaa. Hapa kipimo kilifanya kazi yake.

Ya tatu ni ya 2014 hadi mwanzo wa 2016. Bei ya mafuta ilitoka juu ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014 ikashuka chini ya dola 30 mwanzoni mwa 2016. Dola nayo ikapata nguvu, na mapato ya kampuni za Kimarekani yanayotoka nje yakapungua yalipogeuzwa kuwa dola. Faida za taifa zilishuka. Waliokuwa wakitabiri walitabiri. Mdororo haukuja. Desemba 2015 ukosefu wa ajira ulikuwa asilimia 5, nao bado ulikuwa na mwelekeo wa kushuka. Maumivu yalikuwa ya wachimba mafuta, na wapakia mizigo wa Ohio pengine walifurahia petroli ya bei nafuu.

Kutokana na nyakati hizi tatu mimi nimejiwekea utaratibu: faida ikishuka, siulizi kwanza imeshuka kiasi gani, nauliza imeshuka kwa nani. Majedwali yanaonyesha faida za sekta ya fedha, za sekta nyingine za ndani, na zinazotoka nje ya nchi. Upungufu uliokaa kwenye sekta moja ni habari ya sekta hiyo. Upungufu ulioenea viwandani, madukani na kwenye uchukuzi kwa pamoja ndio wa kupigia simu nyumbani.

Pesa ya faida inatoka mfuko gani

Hadi hapa tumezungumza kama kwamba faida hutengenezwa na juhudi ya kila kampuni. Kwa kampuni moja ni kweli. Kwa nchi nzima kuna hesabu nyingine, iliyowekwa wazi na Michał Kalecki, mwanauchumi wa Poland. Mshahara ambao kampuni moja inaulipa ni gharama kwake, lakini mfanyakazi akienda dukani unakuwa mapato ya kampuni nyingine. Kwa jumla, basi, mishahara inayotumika yote inarudi palepale ilipotoka. Kinachobaki kuwa faida lazima kiingie kutoka kwingine: wenye kampuni wanapojenga na kununua mashine, wanapotumia fedha zao wenyewe, serikali inapotumia zaidi ya inachokusanya, na nchi inapouza nje zaidi ya inavyonunua. Wafanyakazi wakiweka akiba, faida inapungua kwa kiasi hicho.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani ni mchezo wa maneno. Kisha nikatazama 2020. Aprili mwaka huo ukosefu wa ajira ulipita asilimia 14, na faida zilianguka katika nusu ya kwanza ya mwaka. Halafu katika robo ya tatu zikaruka juu, na 2021 zikavunja rekodi, ilhali mamilioni ya watu walikuwa bado hawajarudi kazini. Ukiwa na hesabu ya Kalecki huhitaji kushangaa. Serikali ilikuwa inamwaga fedha kwa nakisi kubwa sana: hundi kwa kaya nyingi, na mikopo kwa biashara ndogo ambayo iliruhusiwa kusamehewa, jumla yake kama dola bilioni 800. Mikopo hiyo BEA iliiandika kuwa ruzuku, na ruzuku huingia moja kwa moja kwenye faida. Fedha za nakisi zilipita kwa watu, zikatumika madukani, zikaishia kwenye vitabu vya kampuni.

Kwa hiyo faida kubwa inaweza kuwa dalili ya biashara iliyochangamka, na inaweza kuwa dalili ya serikali iliyokopa sana. Tarakimu ni ileile, ila ya pili huisha nakisi ikipunguzwa.

Mitego michache

Namba ya robo mwaka huandikwa kwa mwendo wa mwaka. Ukisoma kwamba faida za robo fulani ni zaidi ya dola trilioni 3, si kwamba kampuni zimevuna trilioni 3 kwa miezi mitatu. Maana yake ni kwamba zingevuna hivyo kama mwendo huo ungedumu mwaka mzima. Nimewahi kusikia mtu akiizidisha mara nne.

Faida kabla ya kodi na baada ya kodi ni vitu viwili. Kuanzia Januari 2018 kodi ya kampuni Marekani ilishushwa kutoka asilimia 35 hadi 21. Faida baada ya kodi ikaruka. Kabla ya kodi haikuruka hivyo. Aliyetazama mstari wa baada ya kodi peke yake aliona uchumi unachangamka, kumbe ni fedha zilizokuwa ziende hazina na sasa zimebaki kwa wanahisa.

Benki kuu imo ndani. Benki za Hifadhi ya Shirikisho zinahesabiwa katika sekta ya fedha. Tangu Septemba 2022 zilianza kupata hasara, kwa kuwa riba zinayolipa kwa mabenki iliizidi riba zinayopokea kwenye dhamana za zamani. Mwaka 2023 hasara yao ilikuwa takriban dola bilioni 114. Hasara hiyo ilivuta chini faida ya sekta ya fedha bila benki yoyote ya kibiashara kuguswa.

Na faida huhamishwa. Mfano ninaoupenda ni wa Ireland. Julai 2016 ofisi ya takwimu ya huko ilitangaza kwamba pato la ndani la mwaka 2015 lilikua kwa asilimia 26. Hakuna viwanda vilivyoota usiku mmoja. Kampuni chache kubwa za kimataifa zilikuwa zimehamishia haki zao za ubunifu na mali nyingine nchini humo kwa ajili ya kodi, na faida zake zikaandikwa huko. Waireland wenyewe walilazimika kutengeneza kipimo kingine cha pato kinachoondoa mambo hayo.

Mambo mawili ya darasani kwetu

Katika halaqa yetu kuna aliyependekeza tutumie faida za kampuni kukadiria zaka ya biashara ya nchi: chukua faida, toa asilimia mbili na nusu, umemaliza. Haiendi hivyo. Zaka ya bidhaa za biashara hailipwi kwa faida peke yake. Bidhaa hupimwa kwa bei ya soko siku mwaka unapotimia, zikaunganishwa na fedha taslimu, yaani rasilimali pamoja na faida yake. Mfanyabiashara ambaye mwaka huu hakupata faida hata senti bado ana zaka akiwa na bidhaa zilizofika nisabu. Angalieni pia kwamba katika zaka tunaichukua bei ya leo ya gunia na kuiongeza, ilhali BEA wanaondoa kupanda kwa bei. Hazigongani, kwa sababu zaka inauliza una mali kiasi gani, na kipimo chao kinauliza umezalisha nini. Bado kuna swali la kampuni yenyewe kama inabeba zaka au wanahisa wake, nalo wanazuoni wa zama zetu wamelijadili sana. Hilo ni somo lake.

Jambo la pili ni kwamba takwimu haziulizi chanzo. Riba ya benki, pombe na mkate vyote vimo katika mstari mmoja. Vilevile haziulizi kama faida imepanda kwa kuzalisha zaidi au kwa kupandisha bei. Kwa hilo la pili kuna jedwali linalosaidia: BEA hugawa bei ya kila kipande kilichozalishwa na kampuni zisizo za fedha, ikaonyesha senti ngapi zimekwenda kwa wafanyakazi, ngapi kwa gharama nyingine, na ngapi zimebaki faida. Mfumuko wa bei ulipopanda 2021 watu walilirudia sana jedwali hilo, maana fungu la faida lilikuwa limenenepa.

Na kwetu?

Baadhi yetu tumetoka Kenya, wengine Tanzania na Burundi, na wenyeji wetu ni Waganda. Je, tunaweza kufanya hesabu kama hii? Kenya iko mbele kidogo. Ripoti yake ya uchumi ya kila mwaka hugawa pato kati ya malipo ya wafanyakazi na ziada inayobaki kwa mwenye shughuli. Lakini ndani ya ziada hiyo mna kitu kinachoitwa pato mchanganyiko. Yule mama wa mchele, jioni akihesabu alichobaki nacho, kiasi gani ni mshahara wa kazi yake na kiasi gani ni faida ya mtaji wake? Hata yeye hawezi kukigawa, na takwimu haziwezi kumgawia. Nchi ambayo watu wake wengi wanaishi hivyo haiwezi kuwa na mstari safi wa faida za kampuni kama wa Marekani.

Kampuni zilizo kwenye soko la hisa zinasaidia, kwa kiasi. Kenya inazilazimisha kutoa onyo zikiona faida ya mwaka itapungua kwa asilimia 25 au zaidi, na wingi wa maonyo hayo katika mwaka mmoja ni dalili ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuihesabu kwa vidole. Hapa Uganda soko ni dogo, kampuni zake hazifiki ishirini. MTN Uganda iliingia Desemba 2021 na Airtel Uganda Novemba 2023. Kabla ya hapo mtu aliyetaka kujua hali ya biashara ya nchi kupitia soko la hisa alikuwa anaikosa biashara ambayo karibu kila mmoja wetu anaitumia kila siku.

Anayetaka kujizoeza aanze na toleo lijalo la Marekani, kwenye kompyuta za maktaba. Atafute mstari uliorekebishwa kwa bidhaa na uchakavu, kabla ya kodi. Aulinganishe na robo nne zilizopita badala ya robo moja, kisha aangalie sekta. Halafu aandike kando ya karatasi namba aliyoiona na tarehe aliyoiona, na mwakani, masahihisho yakitoka, airudie namba ileile aone imekuwa ngapi. Mimi ninayo karatasi yangu, imebandikwa ndani ya mlango wa kabati, na hadi sasa ina safu mbili.